Karatasi ya Mlango wa Chini

Mahindi yaliyomuua Mzee Vumbi yalikuwa bado yamerundikwa uani mwa kinu, yamefunikwa turubai. Kuyasaga hakuna aliyethubutu. Kuyatupa hakuna aliyetaka kutia saini.

Inspekta alipita kando ya rundo hilo bila kupunguza mwendo. Polisi wenzake walimwita mwanamke huyo Sindano, kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kupenya kwenye matundu ambayo wakubwa wangependa yabaki yalivyo. Hii ilikuwa siku ya tatu ya upelelezi, na asubuhi hiyo mkuu wake alikuwa amemwambia maneno machache tu: faili lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ya saa kumi jioni, na ndani yake kuwe na jina.

Jina lilikuwapo tayari. Meneja wa kinu alikuwa ameleta barua kituoni kwa mkono wake mwenyewe, imechapwa vizuri, ikimtaja mwanamke aliyeandika maelekezo ya mitambo. Barua ilisema kwamba alisahau kuandika katazo moja, na mtu akafa. Haikusema kwamba mwandishi huyo alikuwa mtoto pekee wa marehemu. Hilo Sindano aliambiwa na mlinzi wa getini, ambaye alilia alipokuwa akilisema.

Mtoto kushtakiwa kwa kifo cha baba yake. Sindano hakupenda majina yanayoletwa ndani ya bahasha, na hili alilichukia kabisa.

Chumba cha mitambo kilikuwa ghorofa ya pili, na dirisha lake pana lilitazama vihenge sita, yale mapipa ya chuma ya kuhifadhia nafaka, kila kimoja kirefu kuliko jengo lenyewe. Msimamizi wa zamu alikuwa ameketi mbele ya skrini zilizozimwa. Hakuinuka kumpokea mgeni.

"Samahani, afande. Siku tatu nimekaa hapa, hata makalio yamekufa ganzi."

"Kaa tu. Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona kinu."

Akaeleza. Mahindi yakikaa muda mrefu hugandamana ukutani mwa kihenge. Lazima mtu aingie kwa juu na mti mrefu, ayabomoe. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Vumbi kwa miaka ishirini na sita. Mlango wa chini ukifunguliwa wakati mtu yumo ndani, mahindi humvuta miguu kama tope, na kabla hajamaliza kupiga ukelele yameshamfika kinywani.

"Mlijikinga vipi?"

"Kwa shati, afande. Anayeingia anavua shati, analitundika kwenye usukani wa mlango wa chini. Mwendesha mitambo anachungulia dirishani kwanza. Akiona shati, hafungui, hata mwenye kinu aje na bastola."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

Msimamizi alimtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Haijaandikwa. Nani anaandika kwamba moto unaunguza?"

"Siku ile shati lilitundikwa?"

"Lilitundikwa. La bluu. Tulipokimbia chini lilikuwa bado linaning'inia pale pale, na mlango uko wazi."

"Nani aliufungua?"

"Karani."

Karani hakuwa mtu. Lilikuwa jina ambalo wafanyakazi waliipa akili bandia iliyofungwa kinuni mwaka uliopita ili iendeshe milango, mikanda na foleni ya malori. Ilikuwa na zana kumi na saba: ya kufungua mlango huu, ya kuwasha mkanda ule, ya kupiga honi. Kila zana ilikuwa na karatasi yake ya maelekezo, na Karani aliisoma upya kila alipotaka kuitumia zana hiyo.

"Kwa hiyo dirishani haoni," Sindano alisema.

"Hana dirisha, afande. Ana karatasi tu."

Karatasi zote kumi na saba zilikuwa ndani ya jalada alilopewa na Meneja. Mkuu wake alikuwa amesoma ile ya mlango wa chini peke yake, akaridhika. Sindano alivuta kiti akaanza na ya kwanza. Msimamizi alimwangalia akifungua kurasa, akakohoa, akakohoa tena. Ilipita karibu saa nzima.

Mwandishi alikuwa na mpangilio wake, wala hakuuvunja. Kila karatasi ilikuwa na sehemu nne: zana inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, nani aulizwe kwanza. Aliandika kwa sentensi fupi zisizo na mbwembwe, kama mtu anayemwelekeza mgeni asiyejua lolote na asiyeona haya kutojua. Hata karatasi ya honi ilikuwa nazo zote nne. *Isitumike lini: hakuna katazo. Nani aulizwe kwanza: hakuna.*

Karatasi ya mlango wa chini ilikuwa na sehemu mbili.

Sindano aliiweka kando ya ile ya honi. Mtu anayejisumbua kuandika "hakuna" mara mbili kwa ajili ya honi hasahau nusu ya karatasi ya mlango unaomwaga tani arobaini. Hapa hakuna kilichosahauliwa. Kuna kitu kilichoondolewa.

"Kabla ya kufungua mlango wa chini, Karani alikuwa akimuuliza nani?" aliuliza, macho yake yakiwa bado kwenye karatasi.

"Mimi... sijui hilo, afande."

Kulikuwa na simu ya mezani karibu na kiwiko cha msimamizi. Kila kitu humo kilikuwa na unga wa mahindi juu yake, isipokuwa mkono wa simu ile, uliokuwa umeng'arishwa na viganja. Kando yake kulikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Uzi ulikuwapo, kalamu ilikuwapo, pa kuandikia hapakuwapo.

"Inuka," Sindano alisema.

"Afande?"

"Umeniambia makalio yamekufa ganzi. Inuka uyapumzishe."

Msimamizi aliinuka taratibu. Juu ya kiti palikuwa na daftari la shule lililobonyea katikati. Alikuwa amelikalia kwa siku tatu.

Lilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, saa, namba ya kihenge, na neno moja, "lipo" au "hamna". Mara nyingine mara tisa kwa siku, mara nyingine kumi na tano. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku kumi na moja kabla ya kifo.

"Karani alikuwa akinipigia," msimamizi alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ananiuliza kama shati lipo kwenye usukani. Nachungulia, namjibu, naandika. Halafu siku moja simu ikanyamaza. Meneja alikuwa ametuahidi kamera tangu zamani. Nikadhani kamera zimefungwa. Nikashukuru, afande. Walahi nilishukuru. Nikaacha kuchungulia."

"Hukuuliza?"

"Nani anauliza kwa nini ameacha kusumbuliwa?"

Sindano alilitia daftari kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika namba juu yake. Kisha akasema, "Washa skrini. Nataka kuongea na Karani."

Katika kazi yake alikuwa amehoji walevi, mapacha, na askofu mmoja. Huyu alikuwa shahidi wake wa kwanza asiyetoa jasho. Msimamizi ndiye aliyebonyeza herufi, Sindano akimsomea maswali.

*Karatasi ya mlango wa chini ilibadilishwa lini?*

Jibu lilikuja na tarehe. Ilikuwa ile ile ya mstari wa mwisho wa daftari.

*Nani aliibadilisha?*

*Akaunti ya mwandishi wa maelekezo.*

Msimamizi alishusha pumzi. Sindano hakuonyesha lolote usoni, ila aliumia. Alikuwa amekuja akitumaini jibu jingine.

*Wakati unafungua mlango ulijua kwamba kuna mtu ndani?*

*Hapana. Sina zana ya kujua hilo.*

*Ulikuwa ukiuliza kwanza. Kwa nini uliacha?*

*Ninafuata karatasi iliyopo. Sehemu ya kuuliza iliondolewa. Siku ilipoondolewa nilituma swali kuhusu badiliko hilo, nikajibiwa.*

Mkono wa Sindano ulisimama juu ya daftari lake. "Mwambie alionyeshe. Swali na jibu, na saa zake."

Vikatokea kwenye skrini.

*Karatasi ya mlango wa chini imebadilika leo. Sehemu ya katazo na sehemu ya kuuliza zimeondolewa. Bila sehemu hizo nitafungua mlango bila kujua kama kuna mtu ndani. Je, hivi ndivyo inavyotakiwa?*

Chini yake: *Ni sawa. Endelea.*

Aliyeulizwa alikuwa Meneja. Aliyejibu alikuwa Meneja. Sindano aliangalia saa za ujumbe wa kwanza na wa pili, akapiga hesabu mara mbili ili asije akamsingizia mtu. Swali lilikuwa na maneno thelathini. Jibu lilikuja baada ya sekunde nne.

Alichapa nakala tatu.

Ofisi ya Meneja ilikuwa na zulia na kiyoyozi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Sindano hakuonja unga mdomoni. Meneja alimkaribisha kiti kwa mikono miwili.

"Inspekta, pole na kazi. Jambo lenyewe linauma. Yule binti tunamhurumia sana, lakini kosa ni kosa."

"Kwenye barua yako umeandika kwamba karatasi ile haijawahi kuwa na katazo."

"Haijawahi. Alisahau. Ujana."

Sindano aliweka nakala mezani, akaigeuza imwelekee yeye. Meneja aliisoma. Safari hii aliisoma polepole, hadi mwisho, akarudia.

"Hicho kitu kinaniuliza maswali arobaini kwa siku," alisema hatimaye. "Kinauliza kama mtoto wa miaka mitatu. Nikiyasoma yote nitafanya kazi saa ngapi?"

"Hili ulilisoma?"

Meneja aliisukuma nakala pembeni.

"Ulilisoma au hukulisoma? Kama hukulisoma, umemwambia aendelee bila kujua kinachoendelea. Kama ulilisoma, barua yako ni ya uongo. Chagua, nitaandika utakalochagua."

"Sikufuta mimi!" Meneja alisimama. "Kibodi sijaigusa. Angalia akaunti, ni yake. Kwa nini mnanisakama mimi? Kwa nini alifuta, kamuulize baba yake—"

Akafunga mdomo, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Baba yake amezikwa juzi," Sindano alisema. "Ningependa kujua ni kitu gani nilitakiwa kumuuliza."

Meneja alikaa. Akajitia hamnazo, akatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Hakusema neno jingine isipokuwa kuomba wakili, na Sindano alimwambia kwamba hiyo ni haki yake na ataipata kituoni. Askari wawili waliokuwa kwenye ujia wakaingia. Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

Angeweza kuishia hapo. Mkuu wake angefurahi. Lakini karatasi ilifutwa kwa akaunti ya binti, na wakili yeyote mwenye akili timamu angeanzia hapo hapo. Bila sababu ya kufuta, Meneja angetoka, na binti angeubeba mzigo peke yake.

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nyuma. Majirani waliokaa nje kwenye mabenchi walinyamaza gari lilipofika. Mjane alimfungulia, akamwonyesha kiti, akarudi jikoni bila kuuliza kitu. Binti alikuwa mezani, kompyuta yake imefungwa mbele yake, mikono yake juu ya kifuniko chake kana kwamba inaweza kufunguka yenyewe.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Sindano.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Nilifuta mimi. Andika tu, twende." Alisema kwa sauti ya chini, jicho moja kwenye pazia la jikoni. "Sikusahau, kama anavyosema Meneja. Nilifuta."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kufupisha. Karatasi zikiwa ndefu zinamchanganya Karani."

"Karatasi ya honi ina mistari miwili isiyo na kazi yoyote. Ungefupisha, ungeanza na ile."

Binti aliinamisha kichwa.

"Nimezisoma zote kumi na saba," Sindano alisema. "Sijui mambo ya kompyuta, lakini nilielewa kila mstari. Mtu anayeandika hivyo anamjali atakayesoma, na anamjali atakayeumia. Usiniambie ulifuta kwa kuchoka."

"Ni mimi. Inatosha."

"Meneja amemtaja baba yako."

Binti alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bega lake lilitikisika, lakini sauti haikutoka, na Sindano akaelewa kwamba anaizuia ili isifike jikoni. Alisubiri. Wapelelezi wengi hufikiri kazi yao ni kuuliza.

"Meneja alimwita," binti alinong'ona. "Akamwambia kila Karani anaposimama kuuliza shati, lori linasubiri, na shati ni lake yeye, maana yeye ndiye anayeingia. Akamwambia simu zikiendelea mwisho wa mwezi ataleta mashine ya kubomoa, na yeye akapumzike nyumbani. Baba akaja kwangu. Akasema, mwanangu, ondoa hilo neno. Mimi nitajiangalia mwenyewe. Nikiingia nitamwambia msimamizi kwa mdomo." Alivuta pumzi. "Siku ile msimamizi alikuwa amekwenda kwenye mizani ya malori. Baba hakumkuta. Akaingia."

"Ukafuta kwa sababu baba yako alikuambia."

"Ningemkatalia vipi? Na mama asijue. Nakuomba, afande, nakuomba sana. Akijua ni baba mwenyewe aliyesema, atamkasirikia kaburini, na hayupo tena wa kukasirikiwa. Bora anichukie mimi. Mimi nipo."

Sindano aliandika. Alijaza kurasa mbili na nusu kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Kisha akasema jambo ambalo alijua litamuumiza.

"Sheria inataka nikusomee kwa sauti kabla hujatia saini. Na awepo mtu wako mmoja anayesikia."

"Mwite jirani."

"Nimeshakuja," mjane alisema. Alikuwa amesimama kwenye pazia, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Alijifuta, akavuta kigoda, akaketi karibu na mwanawe, lakini hakumtazama. "Soma, dada yangu."

"Msomee ule mwanzo tu," binti alisema. "Pale niliposema nilifuta. Hayo mengine yaache."

"Siwezi kusoma nusu," Sindano alisema. "Nusu ndiyo iliyomuua."

Akasoma. Alisoma jina, umri, kazi. Alisoma tarehe. Alipofika kwenye maneno *baba yangu aliniambia niondoe*, binti alifumba macho, na Sindano aliendelea kwa sauti ile ile hadi mstari wa mwisho, maana kupunguza sauti hapo kungekuwa ukatili zaidi.

Nje mtu alikohoa. Mjane alikuwa akitazama sakafu.

"Umeacha kitu," alisema.

"Mama—"

"Nyamaza kwanza. Umeacha kuandika kwamba alikataa. Alikataa mara tatu, siku tatu mfululizo. Mara ya nne baba yake alimwambia, kama hufuti nitajua sina mtoto. Andika hivyo. Hakufuta kwa kuambiwa. Alivunjwa."

Kalamu ya Sindano ilikuwa haijaanza. "Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu siku aliyofuta. Mume wangu alinieleza wakati wa kula." Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Siku zote hizi namwangalia huyu mtoto anavyonikwepa, nasema labda hataki nijue. Basi nikajifanya sijui. Tumekaa humu ndani kila mmoja na lake."

Binti alikuwa amegeuka kumtazama. "Ulijua, mama?"

"Na andika na hili," mjane alimwambia Sindano, kana kwamba hakusikia. "Aliponieleza, nilimwambia amefanya vizuri. Nilimwambia, afadhali, kazi isipotee. Nikamwongeza chakula. Andika kama nilivyosema, usilainishe."

Sindano aliandika kama alivyosema. Alimsomea tena ile sehemu mpya, naye akakubali kwa kichwa. Binti alitia saini, mama yake akatia dole gumba, na saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini. Faili lingefika kwa wakati. La kwanza ndani yake lingekuwa jina la Meneja, la pili la binti, na hakimu angepima mwenyewe uzito wa kila moja. Zaidi ya hapo hakuwa na la kuwaahidi, na hakuahidi.

"Lazima twende naye," alisema.

Binti alichukua sweta yake. Majirani waliinuka kwenye mabenchi, hakuna aliyethubutu kuuliza. Sindano alimfungulia mlango wa nyuma wa gari, na alipogeuka alimkuta mjane amesimama nyuma yake, amevaa viatu.

"Wewe hukuitwa, mama. Sina hati yako."

"Najua," mjane alisema, akaingia, akasogea hadi alipokaa mwanawe. "Twende."